Jiko la Kaltuma

Kibuli, alasiri

Kaltuma mwanangu,

Mambo ya sabuni, dawa ya malaria, nani wa kumpelekea salamu ukifika Nairobi na wapi pa kuweka karatasi zako mpakani, mama yako amekwisha kuyaandika yote na kuyashonea ndani ya koti lako. Mimi sitayagusa. Ninyi wawili mmekwenda kumuaga mwalimu wako, bibi yako Haboba amelala, na nyumba yote ni yangu mpaka saa kumi na mbili. Nimeketi jikoni. Maharage yako motoni hatua mbili kutoka hapa nilipo, karatasi yangu ni nyeupe na macho yangu makavu. Miaka minne iliyopita, mtu angeniambia kwamba nitakuja kuandika barua ndani ya chumba hiki moto ukiwaka, ningemwona amerukwa na akili.

Sijawahi kukuandikia barua kwa sababu hatujawahi kuwa mbali. Tangu alfajiri nimekuwa nikizunguka ndani ya nyumba kana kwamba ni mimi ninayesafiri. Mama yako ameniambia mara mbili nikae chini, nimekaa, nimesimama tena. Kila nikikumbuka kwamba kesho binti yangu atapanda basi kwenda kusomea ujenzi, mahali ambapo udongo unapimwa kwa mashine na watu wanalipwa kufikiri juu ya paa, najikuta nacheka peke yangu. Mimi ujenzi niliusomea kwa kubeba karai kichwani.

Lakini furaha hii ina mwiba ndani yake, na aliyeuweka ni mimi. Kwa hiyo nitakusimulia tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, maana uliyaona ukiwa mtoto na hukujua mimi nilikuwa nikiwaza nini.

Unaikumbuka nyumba ya zamani ya Haboba, iliyokuwa hapa hapa. Ulikuwa na miaka kumi nilipoibomoa. Kuta zake zilikuwa za udongo, nene kiasi kwamba ukiwa mdogo ulikuwa ukijikunja na kulala dirishani. Paa lilikuwa la madebe yaliyokunjuliwa, lakini chini yake babu yako alitandaza mafunjo ya kinamasi, safu juu ya safu. Upande wa machweo palikuwa na mfenesi mkubwa, na uani jiko la nje lenye paa tu, halina kuta. Mimi nyumba ile nilikuwa naionea haya. Siku zile nilikuwa najenga nyumba za maofisa, saruji bado ilikuwa ikipatikana, na kila jioni nilirudi kulala kwenye udongo. Mafundi wenzangu walinitania, nami nilikuwa mtu asiyevumilia utani.

Nilipomwambia Haboba kwamba nitaibomoa, alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Juma, nyumba hii imekukosea nini?"

"Haijanikosea kitu, mama. Imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka."

"Nitakujengea ya kisasa. Madirisha ya kioo, mapana. Utakaa kitini uuone mji wote."

"Mji nimekwisha kuuona. Niachie basi jiko la nje, na ule mfenesi."

Sikumwachia. Jiko la nje niliona litaharibu sura ya ua. Mfenesi ulikuwa ukiziba madirisha yangu, nikaukata mwenyewe, kazi ya siku mbili. Haboba aliokota mafenesi ya mwisho, akachemsha mbegu zake, akazila polepole, na hakunilaumu kwa neno hata moja. Ningependa angenilaumu.

Nyumba ikasimama. Kuta za tofali moja la saruji, mabati mapya yanayong'aa, na upande wa machweo vioo vitupu. Jiko nikaliweka ndani, bila dohani, kwa kuwa nilikuwa nimenunua jiko la umeme lenye sahani nne. Dohani ya nini? Majirani walikuja kutazama. Nilikuwa nikiwasha na kuzima ile mitambo mbele yao kama mtu anayeonyesha gari.

Kisha kikaja kiangazi cha kwanza. Unakumbuka ukuta wa sebuleni ulivyokuwa ifikapo saa kumi? Ulikuwa huwezi kuuegemea. Jua lilikuwa likiingia kwenye vile vioo vyangu mpaka chini ya vitanda, na mabati yakishapata moto yalikuwa yakitutemea joto usiku kucha. Haboba alihamia nje, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na huko ndiko alikokuwa akishinda mpaka Magharibi. Na ule mji niliomwahidi hakuuona kamwe, kwa sababu ndiyo ilikuwa miaka ile watu walipoanza kuchukuliwa usiku na kila mtu kuogopa dirisha lenye taa. Gari likipunguza mwendo barabarani, tunazima taa. Mama yako alishona mapazia mazito, akayafunga. Nilijenga madirisha makubwa kuliko yote ya mtaa huu, na sisi tukaishi ndani yake kama watu waliomo sandukuni.

Yaliyofuata unayajua, maana yalimfika kila mtu Kampala. Vipuri vilipotea madukani. Sahani za jiko zikafa moja baada ya nyingine, ya mwisho ilikufa mama yako akichemsha maziwa. Umeme ukawa mgeni. Mafuta ya taa yakapotea, na makaa yakawa ya kutafutwa kwa kujuana. Tukarudi kwenye kuni na mafiga matatu, ndani ya chumba nilichokijenga kwa ajili ya umeme, chenye dirisha moja linalotazama barabara, nalo likifungwa kila siku kwa hofu.

Sasa sikiliza neno hili, maana ndilo aibu yangu ya kwanza. Nilikuwa nimejenga majiko ya watu kwa miaka ishirini, na sikuwahi kukaa ndani ya hata moja moto ukiwaka. Nilikuwa naingia kupima, natoka. Naingia kupaka lipu, natoka. Chakula kikinifikia sebuleni, nasema alhamdulillahi, nanawa mikono.

Mama yako akaanza kukohoa. Kwanza asubuhi tu, baadaye mchana kutwa, na macho yake yakawa mekundu mwezi baada ya mwezi. Alipopanda hospitali hapa kilimani, daktari alimsikiliza kifua halafu akamuuliza swali moja: "Unapikia wapi?" Akamwambia apumzike mbali na moshi, akiweza hata wiki kadhaa. Mama yako akarudi akanieleza. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia madaktari wa siku hizi wanapenda kusingizia moshi. Mama zetu wamepikia kuni maisha yao yote.

Haboba alikuwa mlangoni. "Mama yako alipikia nje, Juma," akasema, kisha akaenda zake.

Mama yako akaenda Masaka kwa kaka zake. Alikaa huko wiki sita, na wiki hizo ndizo shule yangu. Haboba mikono yake haikuwa tena na nguvu ya kuinua sufuria, wewe ulikuwa shule mpaka saa kumi, kwa hiyo mpishi alikuwa mimi. Siku ya kwanza nilikimbilia nje mara saba kabla maji hayajachemka. Mzigo wa kuni niliodhani ni wa wiki uliisha kwa siku mbili, na maharage bado yalikuwa yakigonga meno kama kokoto. Moto ulikuwa ukipasha miguu yangu, ukuta, dari, kila kitu isipokuwa sufuria. Ukarudi kutoka shule ukanikuta nimechuchumaa, kamasi zinanitoka.

"Baba, unalia?"

"Ni moshi."

"Mama naye alikuwa anasema hivyo hivyo."

Hukulisema kwa ubaya. Ulichukua kata ukaenda kuteka maji. Lakini mimi nilibaki pale nimeishika fimbo ya kuchochea moto, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza ni mara ngapi nilimwona mke wangu akifuta macho nikadhani ni moshi, au ni mara ngapi ilikuwa kweli moshi na ilikuwa kosa langu vile vile.

Ikafika ile Ijumaa. Haboba alikuwa amechoma udi kama kawaida yake, na wewe ukakichukua chetezo ukaanza kutembea nacho nyumba nzima. Nilikukaripia.

"Unachezea chetezo cha watu?"

"Sichezi, Baba. Naangalia moshi unakokwenda."

Nilitaka kukutuma kitu kingine. Namshukuru Mungu nilikuwa nimechoka. Ulikiweka mlangoni, moshi ukainama ukaingia ndani. Ukakiweka dirishani, ukaingia ndani. Kisha ukapanda juu ya kiti ukakiinua mpaka karibu na mabati. Moshi ukajikusanya pale, ukageuka, ukatafuta, ukashuka tena taratibu ukitufuata vichwani.

"Hewa ina mlango wa kuingia," ukasema. "Wa kutokea haina. Nyumba ya zamani ilikuwa na vitundu kule juu. Nilikuwa naviona nikilala. Ndege walikuwa wanaingia."

Kaltuma, mimi vile vitundu nilivijua tangu kuzaliwa. Nilipokuwa fundi kamili niliviona ni uvivu wa baba yangu, kwamba alishindwa kufikisha ukuta mpaka paa. Nilibomoa nyumba yake nikiwa nimemdharau kwa jambo ambalo yeye alilijua na mimi sikulijua. Nilikaa sakafuni. Wewe bado ulikuwa juu ya kiti na chetezo mkononi, umri miaka kumi na minne, umenifundisha kazi yangu.

Kesho yake mchana nikachukua nyundo na tindo. Niliogopa, sitakuficha. Mtu anayetoboa ukuta siku zile, jirani atauliza anaficha nini au anatafuta nini. Nilifanya kazi mlango ukiwa wazi ili kila apitaye aone. Tundu za juu pande zote mbili chini ya mabati, na tundu za chini upande wa mashariki palipo na kivuli. Tulipomaliza ukaleta chetezo tena. Moshi ulisimama wima, ukanyooka kama uzi unaovutwa na mtu aliye darini, ukatoka. "Haya, umeondoka," ukasema, ukacheka. Nilikuwa na mvi tayari, na nilihisi kama siku ile ndiyo nimeshika mwiko wa uashi kwa mara ya kwanza.

Ukishaonja jambo kama hilo huwezi kulala. Tulishuka kinamasini upande wa Bugolobi tukakata mafunjo, tukayakausha, tukayafunga chini ya mabati kama alivyofanya babu yako. Chokaa iliyobaki kazini nikaipaka juu ya paa mpaka likawa jeupe, majirani wakauliza kama tunajenga msikiti mwingine. Vioo viwili vya machweo nikavitoa, nikaziba kwa udongo mnene. Tukafunga mifereji, maji ya mvua yakaanza kuingia kwenye pipa badala ya kuchimba msingi wangu. Nyumba ikaanza kupoa. Haboba alirudi ndani na mkeka wake bila kutangaza.

Kisha jiko. La kwanza nililijenga peke yangu kwa udongo mtupu nikalianika juani, likapasuka kabla ya jioni. Haboba alilitazama akasema, "Chukua udongo wa kichuguu. Changanya na mchanga na nyasi zilizokatwa, na ulikaushe kivulini kama unavyomlaza mgonjwa." La pili halikupasuka, lakini lilitutapikia moshi wote usoni. La tatu ndilo lako. Wewe ndiye uliyeupunguza mlango wa moto, ukisema moto huu una mdomo mkubwa kuliko tumbo. Na mimi nilipotaka kuweka bomba la moshi pale pale nyuma ya sufuria, ukanizuia mkono.

"Moshi bado una moto ndani yake, Baba. Mbona tunautupa?"

Ukachora kwa kidole kwenye udongo mbichi: moshi upite kwanza chini ya sufuria ya pili, ndipo upande dohani. Nililitazama lile pito la kidole chako. Nimefanya kazi na wahandisi waliosoma ng'ambo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini tunautupa.

Siku mama yako aliporudi nitaikumbuka hata kaburini. Aliingia na mkungu wa matoke, akaenda moja kwa moja jikoni kama mtu anayerudi jela, akasimama mlangoni.

"Mmepikia wapi leo?"

"Hapo," nikasema.

Alisogea. Aliweka kiganja juu ya sufuria ya kwanza, kisha ya pili. Alipitisha kidole ukutani akakitazama. "Na kuni?"

"Huo mzigo ni wa wiki iliyopita," Haboba akajibu.

Mama yako akashusha matoke akakaa juu ya kigoda. Akakaa tu. Sikuwahi kumwona amekaa jikoni bila kazi. Kisha akaniuliza, "Baba Kaltuma, nani kafanya hivi?"

Wewe ulikuwa kando yangu, udongo umekufika viwikoni. Nami nikasema, "Aa, nilijaribujaribu tu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Nililisema kwa unyenyekevu, na unyenyekevu ule ndio ulioficha wizi. Baada ya hapo haikuwa vigumu. Majirani wakaja, wakaliita jiko la Juma, nami nikaitika. Ijumaa moja baada ya sala, wazee walikuwa wamekaa uani kwetu, nikawa ninachora chini kwa kijiti: nilifikiri hivi, nikaona vile, nikajiuliza kwa nini tunautupa moshi. Ulikuwa umetoka na sinia ya chai. Ulisikia maneno yako yakitoka kinywani mwangu. Uliweka sinia chini pole pole, hata kikombe kimoja hakikulia, ukarudi ndani. Mwana wangu, kile kikombe kisicholia nimekisikia mpaka leo.

Sasa ile asubuhi ya Land Rover. Walikuwa wawili, miwani myeusi, hawakuzima injini. "Wewe ndiye Juma fundi?" Nikasema ndimi. "Panda." Mama yako alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Haboba alianza kusoma aya kwa sauti. Wewe ulinikimbilia na viatu vyangu, nikavivaa garini. Nilikuwa nikiwaza nani nilimkosea, nyumba ya ofisa gani ilivuja. Tulipita magorofa ya Bugolobi, tukasimama mbele ya nyumba moja yenye bustani, na mlangoni akatoka mwanamke mrefu, unga umemjaa mikononi.

"Fundi, karibu," akasema kwa Kiswahili cha kambini. "Samahani sana. Mimi nilisema waite, wao nakamata."

Alikuwa mke wa kapteni, mtu wa kaskazini. Akanionyesha mtoto mgongoni mwake. "Nasikia wewe iko na jiko hapana toa moshi. Mtoto yangu kifua mbaya. Sasa miezi mbili hapana lala."

Nilimsikiliza yule mtoto akipumua, na mlio ule nilikuwa naujua. Nikavua viatu nikaomba udongo. Jioni walinirudisha na kilo ya sukari, mkanipokea kama aliyefufuka. Siku ya tatu ya kazi kule, kapteni mwenyewe akaja jikoni kutazama, akaweka bastola yake juu ya meza kama mtu anavyoweka funguo.

"Nani alikufundisha hii?"

"Mimi mwenyewe, afande."

Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba nilisema vile ili jina lako lisifike masikioni mwa watu wale. Na siku ile, kweli, nilikuficha. Sikutaka waje tena na gari kumwita msichana. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kulisema mara nyingi uani kwangu, mbele ya wazee wanaokunywa chai, na pale hapakuwa na bastola.

Na hili la mwisho hulijui. Ulipoomba nafasi chuoni uliwapelekea mchoro wa jiko. Mkuu wa chuo aliniandikia mimi. Alisema mchoro umewafurahisha walimu, lakini wamesikia kuwa baba wa msichana ni fundi, na wanaomba niwaambie kwa uaminifu kama kazi hii ni yake au ni yangu. Barua hiyo niliiweka ndani ya sanduku la zana. Ilikaa humo siku sita. Kila siku ulikuwa unakwenda posta kuuliza kama kuna jibu, nami nilikuwa nakuona unashuka kilima na kupanda tena mikono mitupu.

Usinitafutie sababu nzuri. Sikutaka kusema uongo ukose nafasi, na sikutaka kusema kweli nikose jina. Nilitaka barua ile ijipoteze yenyewe. Siku ya sita tuliitwa kwa yule mjane wa karibu na shule, ambaye jiko lake lilikuwa linarudisha moshi. Mimi nililijenga. Nililizunguka saa nzima, nikasafisha hiki, nikaziba kile. Wewe ulitoka nje, ukatazama juu, ukarudi: "Dohani ni fupi kuliko paa. Upepo unaukanyaga moshi." Tukairefusha, moshi ukaondoka. Yule mama akanishukuru mimi. Nilifungua kinywa kupokea shukrani, kwa mazoea tu, na nikajisikia vibaya mpaka nikashindwa kummalizia salamu.

Nilirudi nikaandika kabla sijanawa mikono. Niliwaambia: Wazo ni lake, mchoro ni wake, na alipolifanya alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi baba yake nimekuwa nikiwaambia watu kuwa ni langu. Si kweli. Kisha Ijumaa iliyofuata, ulipokuwa kisimani, niliwaambia wale wazee pia. Mmoja alicheka, mwingine akasema alikuwa anajua siku zote, kwa sababu nikieleza lile jiko huwa sikumbuki mlango wake una upana gani.

Nisamehe, mwanangu. Naliandika kwa sababu kwa mdomo ningelifanya mzaha.

Tundu la ukuta nililiziba kwa ujinga na kulitoboa kwa mchana mmoja. Kifua cha mama yako kimepona, lakini si chote, wewe mwenyewe unamsikia mvua zikianza. Mfenesi niliopanda mahali pa ule wa zamani unanifika begani tu, na Haboba hataona kivuli chake. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniita kujenga, kwanza naomba kigoda nikae kwenye kiwanja chake kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Namuuliza atakayepika, si atakayelipa. Wananiona mzee mvivu. Huko uendako watakufundisha hesabu za joto na upepo, na nina wivu nazo, niandikie kila moja. Lakini ukiona mchoro mzuri usio na mahali pa mpishi kukaa, uliza. Na mtu akitamka wazo lako kama lake, sema pale pale, chai ikiwa bado ya moto, hata kama mtu huyo ni baba wa mtu.

Nataka kukuambia jambo moja zaidi, kisha niepue maharage. Leo asubuhi, mlipokuwa mnapiga pasi, walikuja wanawake watatu kutoka Kansanga. Wanauza chakula kando ya barabara ya Ggaba, wanapika tangu alfajiri mpaka giza. Wakasema wanamtafuta fundi wa jiko.

"Fundi ni binti yangu, Kaltuma," nikawaambia. "Kesho anakwenda Nairobi kusoma."

Walitazamana. Mkubwa wao akaniangalia kuanzia viatuni. "Na wewe, ssebo, ni nani?"

"Baba yake. Mimi huwa namchanganyia udongo."

"Kuchanganya unajua?"

"Najua."

"Kale, haya basi. Njoo Jumamosi uchanganye. Tutauweka kivulini, tumngoje mwenyewe likizo."

Nimekubali. Jumamosi nitakwenda.

Baba yako,
Juma